Siri ya Mgonjwa Katika Programu za Simu

Daktari wa akili hufungwa na miiko ya kazi yake asitoe siri ya mgonjwa. Je, programu ya simu inayompatia mtu mshauri hufungwa na nini? Hebu tutazame kisa cha kampuni ya BetterHelp ya Marekani.

Kampuni hiyo iliwaahidi watumiaji kuwatunzia siri zao. Hata hivyo, kwa mujibu wa mashtaka ya Tume ya Biashara ya serikali kuu ya nchi hiyo, mwaka 2017 na 2018 iliipelekea Facebook anwani za barua pepe zaidi ya milioni 7. Anwani hizo zilifumbwa kwanza: kila moja ilipitishwa katika kanuni ya hesabu, ukatoka mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka. Lakini (na hapa mwalimu na akae kidogo) anwani ileile, kwa kanuni ileile, hutoa mfuatano uleule daima. Facebook, yenye anwani za watumiaji wake, iliweza kulinganisha mifuatano hiyo, ikatambua watu zaidi ya milioni 4.

Mwaka 2023 Tume iliitoza kampuni dola milioni 7.8, ikaikataza kutoa habari za afya kwa ajili ya matangazo. BetterHelp haikukiri kosa.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huhitaji idhini ya maandishi ya mwenyewe. Kubonyeza “Nakubali” chini ya kurasa zisizosomwa ni idhini dhaifu, kwa maoni yetu.