Neno "Rickety": Kiti Kinacholegalega na Mifupa ya Mtoto

Mwanafunzi wa Magoma, chini ya milima ya Usambara, akilikuta kitabuni neno la Kiingereza "rickety", aghalabu hulifasiri upesi: "-a kuyumba". Amekaribia, lakini hajafika.

Kiswahili chetu kina maneno kadha wa kadha ya jambo hili, na kila moja lina mahali pake. Jahazi huyumba kwa mawimbi. Mlevi hupepesuka njiani. Mguu hutetereka penye utelezi. Bali kiti kilicholegea viungo hulegalega. Kiti hicho ndicho Mwingereza akiitacho "rickety". Husema hivyo pia juu ya meza, ngazi, au daraja la miti lililochakaa, kwa kuwa udhaifu umo ndani ya kitu chenyewe. Kwa hiyo jahazi imara litupwalo na tufani haliitwi hivyo. Lakini mapatano yaliyoungwa vibaya huweza kuitwa hivyo kwa mfano.

Neno hili latoka wapi? Latokana na "rickets", yaani ugonjwa wa matege. Katika karne ya 17 watoto wengi wa Uingereza walipinda miguu kwa sababu ya mifupa laini, na mwaka 1650 tabibu Francis Glisson alitoa kitabu juu ya maradhi hayo. Ndipo hata samani mbovu ikapewa sifa ya mgonjwa.

Mwaka 1919 Edward Mellanby alionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia matege. Leo twajua kwamba yana vitamini D, ambayo mwili pia huitengeneza ngozi ipatapo jua. Tena, penye jua tele kama Nijeria, madaktari wameona matege yaletwayo na uhaba wa kalsiamu chakulani.

Wazazi, hapa somo la lugha lageuka kuwa la nyumbani. Matege si laana wala uchawi. Miguu ya mtoto mchanga hupinda kidogo kwa kawaida, kisha hunyooka. Bali ikizidi kupinda baada ya miaka miwili, mtoto asifichwe ndani kwa aibu. Apelekwe zahanati, aote jua, apewe maziwa na dagaa waliwao pamoja na mifupa. Kiti kikilegalega, seremala atakikaza hata mwakani. Mfupa wa mtoto haungoji. Udongo uwahi ungali maji.