SOMO LA VIKUNDI: MASHINE INAYOANDIKA KAMA MTU



Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazojibu ujumbe kwa kuiga uandishi wa mtu fulani. Tujifunze jambo hili, maana vikundi vyetu vya Nyeri, Karatina na Othaya vinapatana mambo ya pesa kwa simu.

1. TUONE
Programu hupewa maandishi mengi ya mtu: barua, hotuba, jumbe za simu. Hushika anavyosalimia, maneno anayoyapenda, urefu wa sentensi zake. Ukiiuliza kitu, hukisia neno baada ya neno vile yeye angeandika. Lakini haijui anachotaka mwenyewe.

Mwaka 2016 Eugenia Kuyda alitengeneza programu ya namna hii kwa jumbe za rafiki yake Roman Mazurenko, aliyefariki Moscow mwaka 2015. Baadhi ya waliomjua walifarijika. Wengine walikataa kuongea nayo.

2. TUPIME
Tuchukue mfano wa karibu. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alifariki mwaka 2011 na vitabu vyake tunavyo. Mtu akivilisha mashine, itatoa maneno juu ya misitu yanayofanana kabisa na yake. Je, ni yake? Hapana. Hakuyasema, na hawezi kuyakana.

Sasa mfikirieni mweka hazina wenu. Jumbe zake ziko katika simu ya kila mwanachama. Ukija ujumbe, "Wapendwa, tumeni mchango leo kwa namba hii mpya," wenye salamu zake zile zile, mtajuaje ni yeye? Salamu ya mtu si sahihi yake.

Tena, jumbe za mtu ni zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za kila mmoja wetu. Kumwiga mtu bila ruhusa yake ni kumkosea heshima.

3. TUTENDE
(a) Namba ya kutuma pesa ibadilishwe mkutanoni tu, na iandikwe katika kumbukumbu.
(b) Ujumbe wa pesa ukija, mpigie mhusika kwa namba yake ya zamani, au mwendee nyumbani. Asikasirike: kuuliza si ujinga.
(c) Kutoa pesa benki kuhitaji sahihi tatu.

Maswali ya kujadili:
- Nani kati yetu hutuma pesa bila kuuliza? Kwa nini?
- Mzazi wako aliyefariki akiigwa na mashine, ungekubali? Nani angetoa ruhusa?