Kodi ya majengo kwa nyumba iliyopitwa na wakati

Jengo hupoteza thamani kwa njia tatu. Huchakaa: bati linashika kutu, ukuta unapasuka. Huathiriwa na mambo ya nje yake, kama vile mji wa mgodi unapobaki bila mgodi. Mpanda, mji wa magharibi mwa Tanzania, uliyaona hayo uchimbaji wa madini ya risasi ulipokoma mwaka 1960. Njia ya tatu ndiyo ngumu kuiona: jengo ni imara, ila mpangilio wake haulingani tena na maisha ya watu.

Nyumba ya korido ni mfano mzuri. Vyumba vinatazamana pande mbili, choo na bafu viko uani, na wapangaji hupikia barazani au kwenye banda la nyuma. Kuta zake za matofali ya kuchoma zinaweza kusimama miaka mingi ijayo. Lakini mpangaji mwenye mshahara huuliza kwanza kama chumba ni masta, yaani chenye choo na bafu ndani, na akiambiwa choo ni cha kuchangia, anaendelea kutafuta.

Mthamini huanza kwa kutenganisha kasoro inayorekebishika na isiyorekebishika. Kama chumba cha mwisho kinaweza kugeuzwa choo na bafu, gharama ya mabomba, shimo na fundi ndiyo inayokatwa kwenye thamani. Isiyorekebishika hupimwa kwa kodi ya pango inayopotea. Tuseme vyumba vinne vinapangishwa kwa Sh10,000 pungufu kila kimoja kwa mwezi: hasara ni Sh480,000 kwa mwaka, na kwa kiwango cha faida cha asilimia 10, thamani inashuka kwa Sh4,800,000. Hapo uangalifu unahitajika, kwa sababu kasoro iliyokwisha kuhesabiwa kama uchakavu haikatwi mara ya pili.

Sheria ya kodi ya majengo ya mamlaka za miji ya mwaka 1983 ilisimama juu ya thamani: bei ya soko, au isipopatikana, gharama ya kujenga upya baada ya kuondoa uchakavu. Kwa utaratibu huo, mwenye nyumba ya korido angekuwa na hoja ya kupunguziwa. Viwango maalumu, visivyotegemea thamani ya nyumba, vikaiondoa hoja hiyo. Tangu Agosti 2021 kodi hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mwaka 2023 nyumba ya kawaida ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 kwa mwezi, yaani Sh18,000 kwa mwaka.

Ukusanyaji umerahisika kweli, lakini usawa umeumia. Kwa nyumba ya Sh9,000,000, kodi hiyo ni asilimia 0.2 ya thamani. Kwa ya Sh90,000,000, ni asilimia 0.02. Aliyejenga kwa mtindo wa zamani anabeba mzigo mara kumi, na hakuna kasoro ya jengo anayoweza kuonyesha ikabadilisha makato yake.

Kinachoweza kurekebishwa ni mita. Nyumba moja yenye mita mbili inaweza kukatwa mara mbili, na mmiliki hupaswa kupeleka namba zote za mita kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ili ibaki moja tu inayolipa. Mpangaji aliyekatwa kupitia umeme wake ana haki ya kurudishiwa na mwenye nyumba, kwa kuwa kodi ni ya mmiliki. Mpangilio uliopitwa na wakati unabaki na uzito kwenye uthamini wa mkopo, mauzo na mirathi. Huko picha za choo cha uani na mikataba ya pango ndiyo ushahidi.