Nyota wa Kikapu, Achia Mpira: Ya Kufanya na ya Kutofanya

USIHESABU pointi zako kabla ya kutazama ubao wa matokeo. Tarehe 20 Aprili 1986, Michael Jordan aliwafunga Boston Celtics pointi 63 katika mechi ya mchujo. Chicago Bulls, timu yake, walifungwa 135 kwa 131 baada ya nyongeza mbili, kisha wakatolewa bila kushinda hata mechi moja. Msimu uliofuata Jordan akawa mfungaji bora wa ligi kwa wastani wa pointi 37.1, na Celtics wakawatoa tena, tatu bila.

USIDUNDE mpira huku wenzako wanne wamesimama wanakutazama. Walinzi hawaombi zaidi ya hapo, maana hakuna anayelazimika kukimbia. Una sekunde 24 za kushambulia. Ukizila nusu peke yako, umewafanyia wapinzani kazi yao.

TOA PASI mara tu mlinzi wa pili anapokujia. Usingoje kwanza ujaribu kumpita, wala usiruke ukakwama hewani ndipo utafute wa kumpa. Wawili wakikukaba wewe, watatu wamebaki na watu wanne, na lazima mmoja awe wazi. Hakuna mguu unaoushinda mpira mbio: pasi ya mapema, na nyingine papo hapo, itamfikia huyo aliye peke yake. Ukichelewa, nafasi imeshazibwa.

MWAMINI mwenzako mechi inapobana. Kumpasia mkiongoza kwa pointi 20 si kumwamini. Hapa ndipo wafungaji wengi hodari wanaposhindwa, na ndipo Jordan alipobadilika. Phil Jackson alipokabidhiwa Bulls mwaka 1989, yeye na msaidizi wake Tex Winter walileta mfumo wa pembetatu, unaotaka mpira upite mikononi mwa wote. Fainali ya 1991, mechi ya tano dhidi ya Los Angeles Lakers, Jackson alimuuliza Jordan ni nani aliye wazi. Alikuwa John Paxson. Jordan akaanza kumpa, Paxson akafunga mfululizo katika dakika za mwisho, akamaliza na pointi 20, na Bulls wakatwaa ubingwa wao wa kwanza. Katika fainali hizo Jordan alikuwa na wastani wa pasi za mabao 11.4 na bado akafunga wastani wa pointi 31.2. Mwaka 1997, dhidi ya Utah Jazz, alibanwa tena sekunde za mwisho. Akampa Steve Kerr, Kerr akafunga.

USIMKARIPIE aliyekosa. Umemnyima mpira robo nzima, kisha unataka mkono wake uwe na moto? Mpe tena.

USIJITETEE kwamba hakuna anayefunga kama wewe. Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 msimu wa 1961–62, mechi moja akafunga 100, na hakupata ubingwa. Msimu wa 1966–67 kocha Alex Hannum alimtaka apasie zaidi. Akashuka hadi pointi 24.1, pasi za mabao zikapanda hadi 7.8, na Philadelphia 76ers wakashinda mechi 68 kati ya 81, kisha ubingwa.

Nawe kocha, MTOE nyota anayekataa kupasia. Mtoe hata akiwa na pointi 30, hata jukwaa zima likikuzomea.