CT ya Mishipa: Yapange Mambo Haya Kabla Hujatoka Kiamaiko

Daktari akishuku damu imeganda kwenye mapafu au mshipa wa moyo umeziba, huenda akakuandikia CT ya mishipa. Unadungwa kontrasti, dawa yenye ayodini, na mashine inapiga picha dawa ikipita mishipani. Ikiwa ni dharura, usiikatae kwa kuogopa mionzi: damu iliyoganda haingoji. Lakini ukipewa miadi ya siku zijazo, una nafasi ya kujipanga.

Anza na ile bahasha kubwa ya picha zako za zamani iliyolala juu ya kabati. Wengi hupewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Kenyatta wakaacha filamu na CD nyumbani, na daktari asipoziona huenda akaagiza picha upya. CT moja ya kifua hutoa mionzi ya takriban milisieverti 7, wakati eksirei ya kifua ni kama 0.1 tu. Mionzi ya asili, ya udongoni, hewani na angani, humfikia binadamu kwa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Picha isiyorudiwa haikuongezei mionzi.

Kontrasti hutolewa mwilini na figo. Mwenye kisukari, presha au tatizo la figo aulize kama amepimwa krietinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Taja kila dawa unayomeza, hata Brufen ya kujinunulia dukani, kwa maana dawa za maumivu za aina hiyo huzielemea figo. Metformin, dawa ya kisukari, usiiache kwa uamuzi wako. Hospitali itakuelekeza kulingana na figo zako. Kunywa maji, isipokuwa umekatazwa. Ukiwa umefunga Ramadhani, sema mapema upangiwe, na ukumbuke mgonjwa ana ruhusa ya kula. Mjamzito naye aseme kabla ya kuingia chumbani. Kuhusu wanaoogopa kontrasti kwa sababu samaki huwawasha: hayo hayahusiani. Linalohusika ni kama kontrasti yenyewe iliwahi kukuvimbisha au kukubana pumzi.

Kwa picha ya moyo, mapigo yakiwa chini ya 65 hivi kwa dakika, mashine inaweza kutoa mionzi kwa kipande kidogo tu cha kila pigo. Kwa hiyo chai kali ya alfajiri kwenye machinjio ya Kiamaiko ipumzike, na miraa ya usiku wa kuamkia miadi vilevile, maana zote mbili huukimbiza moyo.

Mtambo nao una siri yake. Kwa miaka mingi nguvu ya kilovolti 120 ilikuwa kipimo cha karibu kila mtu. Kwa mwembamba, 100 au hata 80 hutosha: mionzi hushuka sana, na kwa kuwa ayodini hung'aa zaidi kwenye nguvu hiyo ndogo, kontrasti nayo inaweza kupunguzwa. Mnene huhitaji zaidi. Uliza bila woga: “Daktari, mashine mmeipanga kulingana na mwili wangu?” Chini ya sheria ya mwaka 2019, mitambo ya mionzi nchini hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, kwa hiyo kuulizia leseni ya kliniki si utovu wa adabu.

Dawa ikiingia utasikia joto likishuka mwilini, hata udhani umejikojolea. Hujajikojolea. Tulia, ushike pumzi ukiambiwa. Anayeshtuka na kujigeuza huharibu picha, ikarudiwa. Ukiwashwa au kubanwa kifua, sema papo hapo. Na usiondoke bila CD.