SOMO LA MWEZI: TAMU INA SIKU YAKE

Masomo ya kusoma nyumbani: Nehemia 8:9-12, Kutoka 16:14-31, Mithali 25:16

Ndugu wapenzi, mwezi huu tumeona vema tuingie jikoni. Wengine watauliza, je, sukari na maandazi ni mambo ya Kanisa? Ndiyo, ni mambo yetu. Mwili tuliopewa ni amana, na fedha inayonunua chakula cha nyumbani nayo ni amana. Tena katika parishi zetu wapo wengi wanaoishi na kisukari, na wapo watoto wanaolia usiku kwa maumivu ya meno. Basi tusome pamoja, kisha tuone la kufanya.

1. NENO LINATUFUNDISHA NINI

Katika kitabu cha Nehemia tunawaona watu wamekusanyika mbele ya Lango la Maji wakisomewa Torati. Waliposikia, walilia. Lakini waliambiwa wasihuzunike kwa kuwa siku ile ilikuwa takatifu. Waende wakale vinono na kunywa vitamu, na wale wasiokuwa na kitu wapelekewe sehemu yao.

Hapa tunajifunza mambo matatu. Kwanza, utamu si dhambi. Mungu mwenyewe aliufanya ulimi uujue. Pili, utamu ule ulikuwa na siku yake, siku ya furaha. Tatu, uligawanywa; hakuna aliyekula peke yake huku jirani akitazama.

Katika Kutoka tunasoma habari za mana. Ladha yake ilikuwa kama mkate mwembamba uliotiwa asali. Hata hivyo haikuokotwa ovyo, bali kila mtu alipimiwa pishi yake ya siku. Waliojiwekea akiba hadi asubuhi kinyume cha agizo waliikuta ina mabuu na inanuka. Naye mwenye Mithali anamwonya aliyeona asali ale inayomtosha tu, asije akashiba mno akaitapika.

Hilo ndilo neno la somo hili: tamu iwe na siku yake na kipimo chake, na chakula cha kila siku kiwe cha kuujenga mwili.

2. MEZA ZETU ZILIVYO

Tuhesabu kwa haki. Chukua mtu mzima mmoja wa kwetu. Asubuhi anakunywa kikombe kikubwa cha chai chenye vijiko vidogo 3 vya sukari, na maandazi mawili. Mchana, kwa kuwa jua ni kali, anakunywa chupa ya soda. Soda ya mililita 300 kwa kawaida huwa na gramu 30 hivi za sukari, yaani vijiko 7 au 8. Jioni anakunywa chai tena, vijiko 3. Kabla hatujahesabu sukari iliyomo ndani ya maandazi, ndugu huyu amekwisha kupata vijiko 13 au 14.

Mwaka 1999 au mwaka wo wote mwingine mtu angesema, "Hayo ni mazoea tu." Lakini mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko vidogo 12 vya kufuta. Likasema pia kwamba vijiko 6 ni vema zaidi. Ndugu yetu amepita kipimo, na hajaona kwamba amekula kitu cho chote kitamu. Yeye anasema, "Nimekunywa chai tu."

Mazoea haya yana historia yake. Wazee wetu wanakumbuka mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini Tanzania. Sukari ilikuwa ya foleni. Mgeni aliyepewa chai iliyokolea aliheshimiwa kweli kweli. Sukari ilipoanza kupatikana tena, heshima ile ilibaki. Hata leo mama anaona aibu kumpa mgeni chai isiyokolea. Heshima ni jambo jema, ila kipimo chake kimepita.

3. SUKARI NA MWILI

Sukari ikibaki mdomoni, vijidudu vya kwenye meno huila na kutoa asidi inayotoboa jino. Mtoto anayenyonya pipi mchana kutwa huwapa vijidudu hivyo chakula mchana kutwa.

Tena, sukari hushibisha bila kujenga. Mtoto aliyekunywa chai tamu na andazi huondoka mezani tumbo limejaa, lakini hakupata cha kujenga misuli wala damu yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, vinywaji vya sukari visiwepo kabisa, na uji wake usitiwe sukari. Ulimi wake bado unajifunza, nao utapenda utakachofundishwa.

Kuhusu kisukari tuseme kweli. Si sahihi kumnyoshea kidole mgonjwa na kusema, "Uliipenda mno sukari." Ipo aina inayowapata hata watoto, isiyotokana na chakula walichokula. Aina ile iliyoenea zaidi kwa watu wazima huchangiwa na urithi wa ukoo, unene, na kukaa bila kazi ya mwili. Vinywaji vya sukari huongeza hatari, hasa kwa kuwa huongeza unene. Aliyekwisha kuugua afuate maagizo ya daktari wake wala asiache dawa. Tumwombee, na dawa aendelee kunywa. Sisi tunaomkaribisha tusimshurutishe kwa kusema, "Kunywa tu, kidogo hakidhuru." Kumwonea haya mwenyeji kumewagharimu wengi.

Wengine hukimbilia asali au sukari guru wakidhani wamepona. Mwilini hizo nazo ni sukari, kwa hiyo kipimo chake ni kile kile.

4. TUFANYE NINI JIKONI

(a) Sukari itoke ndani ya birika. Katika nyumba nyingi chai hukolezwa sufuriani, na wote hunywa kipimo kimoja, mzee, mtoto na mgonjwa. Chai ipikwe bila sukari, na sukari iwekwe mezani katika bakuli na kijiko kidogo. Kisha kila mtu apunguze nusu kijiko kila juma. Aliyezoea vijiko 3 atafika kijiko 1 baada ya majuma manne, na ulimi wake utakuwa umezoea. Hiliki, tangawizi, mdalasini na mchaichai huipa chai ladha nzuri hata sukari isiulizwe sana.

(b) Asubuhi iwe na chakula. Viazi vitamu, mihogo au magimbi ya kuchemsha, pamoja na yai au maharage yaliyobaki jana, humpeleka mtoto shuleni akiwa na nguvu ya kudumu. Uji wa ulezi au wa dona ukitiwa karanga zilizosagwa au maziwa unatosha. Anayetaka uchachu atie ukwaju au ndimu.

(c) Maandazi yapunguziwe utamu. Kama umezoea kutia robo kilo ya sukari katika kilo moja ya unga, safari ijayo tia gramu 200, halafu 150, hata ufike 100. Andazi litaumuka vile vile, maana hamira huhitaji sukari kidogo tu. Tui la nazi na hiliki ndivyo vitakavyoleta harufu. Mafuta yapate moto wa kutosha, wala usijaze karai. Mafuta yakipoa, andazi huyanywa.

(d) Tukumbuke tamu za asili. Boga la nazi na ndizi mbivu za nazi hupikwa zikapendeza kwa hiliki peke yake, bila hata kijiko cha sukari. Nazi nayo ina mafuta, basi tui jepesi latosha. Papai, embe na chungwa vikiliwa vyenyewe ni bora kuliko kukamuliwa maji yake, kwa kuwa tunda zima lina nyuzinyuzi na hushibisha.

(e) Mchana na jioni tutazame sahani. Waliokuwa watu wazima mwaka 1975 wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulifundishwa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kuulinda. Fundisho hilo halijapitwa na wakati. Robo ya sahani iwe ugali au wali, robo iwe maharage, kunde, dagaa au samaki, na nusu iwe mboga na matunda. Kwetu mara nyingi ugali ndio hujaza sahani, na mchicha huwekwa pembeni kama pambo. Mchicha na matembele vikamuliwe ndimu wakati wa kula, kwa sababu uchachu wake husaidia mwili kupata madini ya chuma. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri sana kabla ya kuungwa, kwani kibichi kina sumu. Na chai isinywewe pamoja na mlo, bali ingoje kama saa moja, kwa kuwa majani ya chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Mama mjamzito na azingatie hilo zaidi.

5. SIKUKUU IBAKI SIKUKUU

Hatusemi vitumbua, kaimati, visheti na kashata vifutwe majumbani. Mtoto akikatazwa kabisa atakula kwa siri dukani. Afadhali ajue kwamba Jumapili baada ya Ibada pana vitumbua, na kwamba siku ya Krismasi, Pasaka au ubatizo wa mdogo wake pana mkate wa sinia. Kalenda ya Kanisa imetufundisha hivyo tangu zamani: zipo siku za kawaida, zipo siku za kufunga, na zipo siku za kusherehekea. Nyumba inayokula ya sikukuu kila siku, sikukuu ikifika haina cha kuongeza.

Wengi wetu huacha sukari wakati wa Kwaresima, nalo ni jambo jema. Lakini tukirudia vijiko vitatu Jumatatu ya Pasaka, tumepoteza faida kubwa. Ulimi umekwisha kuzoea kwa siku arobaini. Kwa nini tuufundishe upya?

Tuseme pia neno kwa ajili ya akina mama wanaouza maandazi alfajiri. Karo na daftari za watoto wao hutoka katika karai lile, nasi hatuwalaumu. Twawaomba wajaribu kupunguza sukari kidogo kidogo, na kuweka mihogo au viazi vya kuchemsha kando ya maandazi. Nasi tulio wanunuzi tununue hivyo pia, mama asibaki na hasara.

Mwisho tuhesabu faida. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akipunguza vijiko 2 katika chai ya asubuhi na 2 katika ya jioni, huokoa vijiko 24 kwa siku. Kijiko kimoja cha kufuta ni kama gramu 4, kwa hiyo ni gramu 96. Kwa siku 30 ni karibu kilo 3 za sukari. Fedha ya kilo 3 inunue mayai, dagaa au maharage ya nyumba hiyo, na sehemu yake impelekee jirani asiyekuwa na kitu, kama walivyoagizwa wale wa siku za Nehemia.

Tuanze na hili moja parishini kwetu: chai ya baada ya Ibada iwe na birika mbili, moja yenye sukari na moja isiyo nayo, na mtu asiulizwe kwa nini amechagua hii au ile.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwako kila mtu hutumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku, pamoja na vya soda?
2. Tunawezaje kumheshimu mgeni bila kumshurutisha anywe au ale kisichomfaa?
3. Ni tamu zipi za asili za kwetu ambazo watoto wameanza kuzisahau?
4. Akiba ya sukari ya mwezi mmoja yaweza kumfaa nani katika mtaa wetu?

TUOMBE

Ee Mungu Baba yetu, uliyewapimia watu wako chakula chao jangwani, utufundishe kupokea vipawa vyako kwa shukrani na kwa kiasi. Uwaponye wagonjwa wetu, uwalinde watoto wetu, na utupe moyo wa kumkumbuka asiyekuwa na kitu siku ya furaha yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.