Kujumlisha Majaribio ya Dawa: Jumla Inapogeuza Ukweli

Wenzangu wa udaktari huniuliza mara kwa mara: kama majaribio madogo ya dawa hayatoshi, kwa nini tusiwajumlishe wagonjwa wote kisha tugawanye? Jibu langu huwa ni rosiglitazoni, dawa ya kisukari iliyouzwa kwa jina la Avandia.

Mwaka 2007 Steven Nissen na Kathy Wolski wa Marekani walikusanya majaribio 42. Waliopewa dawa walizidi 15,500, na 86 kati yao walipata mshtuko wa moyo. Kundi la kulinganisha lilikuwa na watu zaidi ya 12,200, wakapatwa 72. Gawanya mwenyewe: asilimia 0.55 kwa dawa, 0.59 kwa wasioitumia. Dawa inaonekana salama! Lakini watafiti hao walilinganisha kwanza ndani ya kila jaribio, ndipo wakaunganisha tofauti. Wakapata kwamba uwezekano wa mshtuko ulipanda kwa asilimia 43.

Yawezekanaje? Chukua kalamu; namba hizi ni za kubuni. Jaribio la kwanza ni la watu wenye afya nzuri kiasi: 1,000 wanapewa dawa, wanaugua 10, 200 hawapewi, anaugua 1. Jaribio la pili ni la wagonjwa mahututi: 200 wanapewa, wanaugua 24, 200 hawapewi, wanaugua 20. Kote kuwili dawa inadhuru. Sasa jumlisha: 34 kati ya 1,200, karibu asilimia 2.8, na 21 kati ya 400, asilimia 5.25. Dawa imegeuka kinga. Kosa ni kwamba upande wa dawa umejaa watu wenye afya, kwa sababu jaribio la kwanza liligawa watano kwa mmoja. Tunalinganisha watu, si dawa.

Hata njia sahihi ina udhaifu wake. Mishtuko 158 kwa majaribio 42 ni michache mno, na majaribio ambayo hayakuwa na mshtuko hata mmoja hayakuingia katika hesabu hiyo. Waliochambua upya kwa njia nyingine walipata ongezeko dogo zaidi, lisilo na uhakika. Jaribio la RECORD la wagonjwa 4,447, lililotolewa mwaka 2009, halikuonyesha ongezeko la jumla la vifo na kulazwa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Ulaya iliisimamisha dawa hiyo mwaka 2010. Marekani iliibana mwaka huohuo, kisha mwaka 2013 ikaamua kulegeza.